Sanduku, funguo tatu na siku ileile: kwa nini vikundi vingine vinadumu

Kila mwaka mahindi yakishavunwa hapa Ufipa, vikundi vipya vya kuweka na kukopa huzaliwa. Watu wana fedha kidogo mkononi, mazungumzo ya gulioni yanakuwa ya hisa na marejesho, katiba inaandikwa, viongozi wanachaguliwa, picha inapigwa kwa simu. Ikifika mwezi wa pili, wakati kihenge kimebaki vumbi na deni la mbolea bado liko dukani, baadhi ya vikundi hivyo havipo tena. Hakuna aliyetangaza kuvivunja. Katibu anasema kitabu kiko kwa mweka hazina, mweka hazina anasema alikwishatoa hesabu, na mwenyekiti amekwenda Sumbawanga kwa shughuli zake.

Wakati huohuo, kijiji hichohicho, kuna kikundi kingine ambacho katiba yake ilinakiliwa neno kwa neno kutoka kwa hicho kilichokufa. Hicho kinaingia mwaka wa tano au wa sita. Wanachama wake si matajiri zaidi wala si wasomi zaidi. Basi kimewashinda wenzao kwa nini?

Sisi hapa redioni tumekuwa tukipokea swali hili kwa namna nyingi, kutoka Mwazye, Matai, Katazi na kwingineko Kalambo, na mara nyingi linakuja likiwa limevaa lawama: "Wafipa hatuaminiani", "wanawake wana majungu", "vijana wa siku hizi wezi". Hatukubaliani na majibu hayo. Tunaona jibu liko kwenye mambo madogo yanayofanywa kila wiki, kwa mpangilio uleule, hata siku ambayo hakuna anayejisikia kuyafanya. Kwenye makampuni makubwa ya mjini wanaita huo utamaduni wa kazi, na huwalipa wataalamu waje kuwafundisha. Kikundi cha hisa kinakupa somo hilohilo kwa gharama ya sanduku la bati na kufuli tatu.

Mkutano ulivyo

Chukua kikundi cha watu 20 kinachokutana kila Jumanne saa tisa alasiri, chini ya mparachichi au kwenye darasa la shule. Kila mwanachama ana namba yake na anakaa kwa kufuata namba hiyo, wiki zote, hata kama jirani yake wa kiti ni mtu asiyeelewana naye. Sanduku linaletwa na anayelitunza. Funguo ziko kwa watu watatu wengine, ambao si viongozi na hawakai nyumba moja. Wanasimama, wanafungua mbele ya wote, wanarudi kukaa.

Kabla ya shilingi kuingia, linaulizwa swali: wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani? Namba 7, aliyepewa kazi ya kukumbuka, anajibu kwa sauti. Mfuko wa jamii, tuseme, shilingi 38,000. Fedha ya hisa, shilingi 214,500. Wahesabu fedha wanahesabu. Zikilingana, makofi. Zisipolingana, hakuna kinachoendelea mpaka ijulikane.

Halafu mchango wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa. Halafu hisa: namba inaitwa, mtu anakwenda mezani, anasema anazonunua, kuanzia moja hadi tano, anaweka fedha, wahesabu wanatamka kiasi, muhuri unagongwa kwenye kijitabu chake, na nafasi zilizobaki wazi zinakatwa mstari ili mtu asije akaongeza muhuri usiku. Halafu marejesho, halafu maombi ya mkopo. Anayeomba anasimama na kusema anataka kiasi gani na cha kufanyia nini, mbele ya watu wanaojua shamba lake lilivyo. Mwisho faini. Fedha inahesabiwa tena, kiasi kinatamkwa, wakumbukaji wanarudia, kufuli zinafungwa.

Shughuli nzima ni kama saa moja na nusu. Mgeni akiona anaweza kudhani ni maigizo. Watu wazima wanaojuana tangu utotoni wanaitana kwa namba, wanapiga makofi kwa sababu fedha ya juzi bado ipo! Lakini hebu tuangalie kinachofanyika hapo.

Swali lisilo la mtu

Kwetu kumdai mtu hesabu ni jambo zito. Mweka hazina anaweza kuwa shemeji yako, au mama mkwe, au mwalimu aliyekufundisha darasa la pili. Ukimwuliza peke yako, "Mama, ile fedha iko wapi?", umeshamwita mwizi, na kesho kutwa mtakutana kwenye msiba. Kwa hiyo watu wanakaa kimya. Tunavyoona sisi, vikundi vingi huuawa na heshima kabla ya kuuawa na wizi: kila mtu ana wasiwasi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza, na fedha inaendelea kupungua.

Swali likiulizwa kila Jumanne, kwa kila mtu, kabla ya jambo lingine lolote, halina tena mwenyewe. Mama mkwe hawezi kununa, kwa sababu hakuulizwa na mkwewe. Ameulizwa na Jumanne. Na mweka hazina mwaminifu ndiye anayefaidika kuliko wote, kwa kuwa jina lake linasafishwa hadharani kila wiki.

Jambo la pili ni kwamba utaratibu usiobadilika unaufanya ujanja uonekane. Anayetaka kuchota fedha za kikundi havunji kufuli. Huanza na sentensi ndogo: "Jamani leo mvua inakuja, tusihesabu, tutahesabu wiki ijayo." Au: "Funguo nimezichukua zote mimi, fulani ana mgonjwa." Kwenye kikundi kisicho na mazoea yoyote, sentensi hizo zinapita kama mazungumzo mengine. Kwenye kikundi ambacho kimehesabu wiki 30 mfululizo, watu 20 wanainua vichwa kwa pamoja. Mvua inaweza kuwa ya kweli, na mgonjwa wa kweli, lakini ni lazima waelezwe.

La tatu halisemwi sana. Binti aliyeolewa mwaka jana, namba 14, anayeona aibu kusema mbele ya wakubwa, analazimika kusimama kila wiki na kutamka: "Nanunua hisa mbili." Maneno matatu tu. Baada ya miezi kadhaa ya maneno hayo, siku ya kuomba mkopo wa kununua mbegu za alizeti haisimami tena kama mlima mbele yake.

Hesabu iliyokaa kichwani

Mtindo huu una asili inayojulikana. Shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, pamoja na wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Bila kitabu, hesabu ilibidi ikae vichwani, na ili ikae vichwani ilibidi mkutano uende kwa mpangilio usiobadilika, kila kiasi kikitamkwa kwa sauti. Kwa hiyo zile taratibu tunazoziona leo kama pambo ndizo zilikuwa daftari lenyewe. Kwetu Tanzania mtindo huo ulishika mizizi Zanzibar, kwenye vijiji vya karibu na msitu wa Jozani, ambako mradi ulikwisha lakini vikundi vikaendelea na vingine vipya vikazaliwa bila mfadhili. Bara tukaupata kwa sura ya VICOBA.

Kutunza kazi ngumu kwa mpangilio na sauti, hata hivyo, si kitu kilichoanza Niger. Ufipa iliyeyusha chuma kwa kutumia matanuru marefu ya udongo, yanayoitwa malungu, yenye urefu wa kama mita tatu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Masalia yake bado yanaonekana sehemu mbalimbali za uwanda huu. Baada ya hapo chuma kilisafishwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ndipo kikaenda kwa mhunzi kuwa jembe. Kazi ilifanyika kiangazi, ikachukua siku kadhaa, na ingeweza kuharibika wakati wowote: mkaa mbaya, udongo uliopasuka, hewa isiyoingia sawasawa.

Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, alichorithi. Tanuru lilitendewa kama bibi harusi, na wanaume waliofanya kazi hiyo walijitenga na wake zao kwa muda wote. Mtu wa leo anaweza kucheka. Lakini ukiangalia upande wa kazi, kundi la wanaume waliokesha pamoja mbali na nyumba, kila mmoja akijua hatua inayofuata, hakuna aliyetoroka kwenda kulala, lilikuwa na nafasi nzuri ya kutoa chuma. Utaalamu ambao haukuandikwa popote ulihifadhiwa ndani ya mwiko na mpangilio. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya kikapu cha fundi na sanduku la hisa, na tunaomba msikilizaji aishike. Kikapu kilikuwa siri ya mtu mmoja. Fundi akifa bila kurithisha, ujuzi unakwenda naye. Aidha wanawake, waliokuja kulima kwa majembe yale, hawakuruhusiwa kukaribia. Sanduku linafanya kinyume: kila desturi yake imetengenezwa ili pasiwepo siri. Kwa hiyo ukitaka kujua kama desturi ya kikundi chenu, au ya kazini kwenu, ni nzuri, uliza inamfunulia nani na inamficha nani.

Mazoezi ya redioni

Kwa kuwa sisi ni watu wa redio, tutaje mfano mmoja wa mbali. Mwaka 1928 Japani ilianza kutangaza mazoezi ya viungo redioni kila asubuhi, wazo lililotoka kwenye kampuni ya bima ya Marekani. Muziki uleule, miondoko ileile, dakika chache. Hadi leo wapo wafanyakazi wa viwandani na kwenye majengo huko Japani wanaoanza siku kwa mazoezi hayo, meneja na mbeba tofali kwenye mstari mmoja. Yanaamsha mwili kabla ya kazi ya hatari, na msimamizi anaona kwa macho nani leo ameamka mgonjwa.

Lakini mazoezi hayohayo wakati wa vita yalitumika kuwafanya raia wazoee kutii amri kwa pamoja. Baada ya vita yalisitishwa, yakarudi kwa sura mpya mwaka 1951. Mwondoko wa mkono ni uleule, anayeutumia ndiye anabadilika.

Nasi tunayaona hayo bila kwenda Japani. Kipo kikundi ambacho mkutano umekuwa hotuba ya mwenyekiti ya nusu saa, na watu wanapiga makofi wakiwaza kuni hazijakatwa. Kipo ambacho faini ya kuchelewa ni shilingi 500 kwa mwanachama na "samahani" kwa katibu. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi kuliko kutokuwa na faini kabisa, maana kila wiki inawafundisha watu wote, mbele ya macho yao, kwamba sheria ni ya wadogo. Mwenyekiti anayechelewa dakika kumi na kulipa mia tano yake bila kuambiwa amefanya kazi kubwa kuliko semina.

Angalieni pia desturi inayomwacha mtu nje. Mkutano unaofungwa kwa pombe ya ulezi nyumbani kwa mwanachama unaweza kuwa mtamu, lakini asiyekunywa ataanza kuondoka mapema, na mambo mengine yataamuliwa akiwa hayupo. Sala ya kufungua ni sawa kama wote wako radhi nayo. Kama kuna wa imani nyingine, kimya cha nusu dakika kinatosha, kila mtu aombe anavyojua.

Mashine ya kusaga nayo ni kampuni

Tusidhani haya ni ya vikundi vya akina mama tu. Mwenye mashine ya kusaga na vijana watatu ana kampuni, hata kama haina bango. Duka la pembejeo, kijiwe cha bodaboda, karakana ya kuchomelea, chama cha msingi cha ushirika: kote huko watu wanashika fedha na vifaa vya wenzao.

Kwenye mashine, dakika kumi za asubuhi kabla ya kuwasha zinatosha. Wote wasimame mahali pamoja. Mmoja asome idadi ya debe za jana na fedha iliyopatikana. Mmoja akague kinga ya mkanda na aseme amekagua. Kila siku mtu tofauti, kwa zamu, ili kila mmoja aijue mashine. Mmoja aseme kilichomkera jana. Jioni, fedha ihesabiwe na watu wawili, si mmoja, na wote wawili watie saini daftarini. Tajiri akiwa safarini desturi iendelee vilevile. Hapo ndipo atajua kama ni ya mashine au ilikuwa ya macho yake.

Ushauri wetu ni kuanza na desturi moja. Tumewaona watu wanaanza na saba: sare, wimbo, kauli mbiu, keki ya siku ya kuzaliwa. Mwezi wa tatu hakuna hata moja iliyobaki. Chagua ile inayogusa mahali panapouma. Kama fedha zinapotea, anza na kuhesabu pamoja. Kama vifaa vinapotea, anza na kuvitaja kimoja kimoja wakati wa kufunga. Wimbo utakuja wenyewe.

Msimu, mgao na halmashauri

Adui mkubwa wa siku ileile hapa kwetu ni msimu. Novemba mvua zikianza, kila mtu yuko shambani, na kikundi kinasema "tusimame hadi tumalize kupanda". Kusimama huko ndiko kunakoua. Ni bora kubadilisha saa, mkutane saa kumi na moja jioni, au kufupisha, ununuzi wa hisa uwe moja tu kwa kila mtu, kuliko kuacha. Sanduku lifunguliwe, kiasi kitamkwe, lifungwe, hata kama ni dakika ishirini.

Siku ya mgao nayo ni desturi, tena ile kubwa ya mwaka, na isifanywe kimyakimya. Mfano: kikundi kimeuza hisa 2,000 za shilingi 2,000 kila moja, yaani milioni 4. Pamoja na ziada ya mikopo na faini, sandukuni kuna shilingi 4,800,000. Gawanya kwa hisa 2,000, kila hisa sasa ni shilingi 2,400. Mwenye hisa 90 aliweka 180,000, anaondoka na 216,000. Hesabu hiyo iandikwe ubaoni na kila mtu aifanye ya kwake kabla ya fedha kugawiwa. Na kabla watu hawajatawanyika, siku ya mkutano wa kwanza wa mzunguko mpya itajwe. Kikundi kinachosema "tutaarifiana" huwa hakikutani tena.

Kuhusu sheria: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna hii vinatambulika kama daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Wengi hukimbilia usajili kwa sababu ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Si vibaya. Ila kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo tu, kisichokuwa na hata mikutano kumi nyuma yake, kitapokea fedha ambayo hakina mazoea ya kuihesabu pamoja, na deni litabaki kwa wote.

Jambo la mwisho ni simu. Vikundi kadhaa sasa vinaweka fedha kwa njia ya simu. M-Koba ya Vodacom, kwa mfano, ipo tangu 2019. Kwa usalama ni hatua nzuri, maana sanduku lenye milioni tatu ndani ya nyumba ya nyasi linatisha. Tatizo ni kwamba mtu akishaweza kutuma hisa akiwa shambani, anaona mkutano hauna kazi. Wanaofanya vizuri wameacha fedha iende kwenye simu na wakabaki na mkutano: wanakaa kwa namba zao, simu inafunguliwa mbele ya wote, ujumbe wa salio unasomwa kwa sauti na mtu tofauti kila wiki, na namba 7 anaulizwa wiki iliyopita ilikuwa kiasi gani. Mtandao ukisumbua, kama inavyotokea huku kwetu, wanaandika salio la mwisho linalojulikana na kulisoma upya Jumanne inayofuata.